Deki Yenye Tundu la Maiki

Benchi la mbele ya stendi ya Kibiti lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali hatakiwi kubisha kwa nguvu. Asubuhi ile upande wa tofali ulikuwa wa Mfaume Kavukavu, kwa hiyo kahawa ilimwagika tangu kikombe cha kwanza. Idi ilikuwa inanukia. Banda la video la Mfaume lilikuwa na kufuli tangu mwenzake Sadala afariki, na ile deki ya mikanda nayo ikafa, ikamfuata Sadala kama mjane asiyetaka kubaki. Sasa Khalidi, kondakta wa basi la Dar, alikuwa amesimama mbele ya benchi anangoja aambiwe deki gani ya diski ailete kutoka Kariakoo. Dereva alishapiga honi.

— Dukani zipo tatu, mzee wangu, alisema Khalidi. Moja ni seti nzima, inakuja na vispika vyake vitano. Nyingine nyembamba, inameza diski tatu kwa mpigo. Ya mwisho ya kawaida tu, ila mbele ina matundu mawili ya maiki, ya kuimbia.

— Ya kuimbia wapelekee wenye harusi! Mimi sina maneno mengi. Nyuma iwe na tundu jekundu na tundu jeupe, waya ziingie kwenye amplifaya yangu. Basi.

— Amplifaya ile ile ya zamani?

— Unaitakia nini mabaya? Ile na maspika yake nilinunua na Sadala, mwaka ule ruhusa ilipofunguka na vitu vya nje vikaanza kumwagika madukani. Tuliyavusha mpaka Mbuchi kwa mtumbwi kuonyesha picha, yanapiga mpaka nazi zinadondoka. Vispika vitano vyako vya kazi gani, nifugie njiwa?

Ashrafu Fundi Waya, ambaye redio zote za Kibiti alizitengeneza kwa kuzipiga makofi, alikohoa.

— Sikiliza fundi. Diski inasomwa kwa mwali wa mwanga. Mwali ukikutana na amplifaya ya umri ule, sauti inatoka imekonda. Na maspika yako marefu kama milango. Sauti itapotelea humo humo ndani, uje uisikie keshokutwa.

— Afadhali hiyo, alidakia Haitham Redio Mbao. Mimi nimesikia deki za siku hizi zina akili. Ukionyesha picha mbaya, yenyewe inamjulisha aliyeitengeneza. Kule kule ng'ambo!

— Kwa simu ipi, na hapa Kibiti mtandao mpaka upande kichuguu?

— Ndiyo utandawazi huo, Mfaume. Hauhitaji kichuguu.

— Tena hamjauliza jenereta, Ashrafu akapandisha sauti. Diski inazunguka kulia, jenereta lako linazunguka kushoto. Zitavutana, wallahi, banda linyanyuke na watu ndani!

Benchi zima likacheka, tofali likayumba. Mfaume akalizuia tofali kwa kisigino. Neno kama lile Sadala angelidaka hewani, na usiku angelitia kwenye picha.

Maana Sadala ndiye aliyekuwa banda lenyewe. Kizungu hakujua, hata cha kuombea maji. Alikaa kando ya televisheni na maiki yake, akawasimulia watu picha kama alivyoiona yeye. Askari alikuwa bwana mikoko, yule anayekamata wakata miti ya pwani. Jambazi alikuwa anakimbilia Mbwera kujificha. Na katika banda la Sadala hakuna mama aliyewahi kufa. Mama akipigwa risasi, akafunikwa shuka, Sadala alivuta pumzi kwenye maiki: "Kazimia tu, jamani. Wanampeleka Utete, hospitali." Kina mama wakashusha pumzi. Mfaume, kule kwenye swichi, damu ilikuwa inamchemka. Alimfokea mbele za watu: kafa, sema kafa, mtu katoa kiingilio asidanganywe! Sadala hakubishana, alijua baadaye Mfaume atacheka mwenyewe. Maiki ilikuwa bado kwenye msumari wake bandani, na tundu lake kwenye amplifaya lilishaliwa na kutu.

Honi ililia tena.

— Nataja ipi, mzee? Basi linaondoka.

— Ile nyembamba. Lete hiyo tuachane.

— Shikamooni, kaka zangu.

Alikuwa Mwanabibi wa Mbwera, furushi la nguo za sikukuu kichwani, anangojea gari la kumfikisha kwenye maboti.

— Marahaba. Hajambo Bi Mkubwa?

— Hajambo, ila macho ndiyo yamekwisha. Kaniagiza nipite hapa. Kasikia banda linafunguliwa, anasema Idi hii lazima aletwe, hata kama haoni. Atasikiliza.

— Mwambie aje! alisema Haitham. Inakuja deki ya diski, inameza tatu tatu!

— Alhamdulillahi, alisema Mwanabibi, akalishika furushi lisianguke. Sasa yule mama wa kwenye picha akipigwa risasi, nani atamwambia mama yangu kuwa kazimia tu?

Ashrafu akanyoosha kikombe chake kiongezwe. Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa mashapo.

Basi lilikuwa limeshaanza kusogea. Mfaume aliinuka ghafla, benchi likawamwaga wawili waliobaki.

— We Khalidi! Khalidi! Acha hiyo nyembamba! Lete yenye matundu ya maiki!

— Si umesema ya harusini?

— Lete nilivyokwambia!

Mfaume akashika njia ya bandani, anatafuta ufunguo mfukoni. Haitham, angali chini anajifuta vumbi, alimpigia kelele:

— Kavukavu! Kwani yule mama si kafa?

Mfaume hakugeuka.

— Nani kakwambia kafa?