Dada Yetu na Foleni ya Meli

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, jukumu zito la kuwasimulia maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Mkataba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1974 akahitimu sheria na kuajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje, kitengo cha mikataba, katika chumba ambacho feni yake ilipiga kelele kumshinda mkuu wa kitengo. Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa na shemeji yetu, nahodha wa meli ya mizigo, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 1983 maji yalizidi unga. Taifa kubwa lililotuletea mafuta lilidai meli zake za biashara zitangulie gatini na zilipe nusu ya ushuru, la sivyo hazitakuja tena. Wakubwa wa dada wizarani walikwisha kulegea, naye akaomba kikao kimoja tu, na balozi wao alipogonga meza akisema, "Mama, bila meli zetu mtakaa gizani," dada alimjibu kwa upole, "Mheshimiwa, mgeni tunampa kiti, hatumpi nyumba."

Meli zikaondoka, mafuta yakaadimika, makuli wakakosa kazi na kuja kulitikisa lango lake, watoto wamejificha uvunguni, shemeji yuko baharini. Alitoka peke yake. Jiwe likampasua paji la uso, lakini hakurudi ndani, akasema, "Nikiwapa hao nusu, kesho kila mwenye meli atadai nusu, na bandari itawalipa nini?" Kiongozi wao akasema, "Twendeni, jamani, huyu ni mama wa watu."

Kumbe alikuwa amekwisha kuzungumza na mataifa mengine, yakakubali kuleta mafuta kwa masharti sawa kwa wote, anayewahi ndiye anayeshusha. Wenye meli wa lile taifa, walipoona mizigo inawaponyoka, walimrudisha balozi wao mezani, akatia saini masharti hayo hayo huku akinung'unika, "Mama, umenichosha." Dada akasema, "Pole, baba, ndiyo kazi."

Alistaafu mwaka 2011, akaanza kuugua figo mwaka 2019, na akafariki dunia Jumanne iliyopita, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake, ambao tangu Jumanne tukikwama katika jambo bado tunasema, "Hebu tumuulize dada."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa wizarani na bandarini.

Dada, pumzika kwa amani.