Mwalimu Evodia na Sayari ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Evodia Shekalaghe wa Kilole, hapa Korogwe. Alifundisha fizikia miaka ishirini na sita. Tumemzika Jumamosi, kwao Makuyuni.

Mwalimu Evodia alikuwa na nyota aliyoipenda. Inafanana na Jua letu, na ina sayari mbili. Kila sayari inapopita mbele yake, mwanga wa nyota hufifia kidogo sana. Vipimo huletwa na darubini iliyo angani. Yeye alivisoma kwenye kompyuta ya shule baada ya vipindi. Siku moja akaona mwanga umefifia wakati usiotarajiwa. Baada ya wiki tatu, tena. Akasema ni sayari ya tatu.

Habari ikaenea. Redio hii yenyewe iliitangaza. Mdogo wake, Gerald, alichinja mbuzi wawili, akaalika watu hadi wa Kabuku.

Siku nne baada ya sherehe, mwalimu alikagua nyota za jirani. Zote zilikuwa zimefifia saa zile zile. Haikuwa sayari, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa hitilafu ya darubini yenyewe.

Gerald alimsihi. "Dada, nyamaza tu. Nani huku atajua?"

"Watoto wa watu nawafundisha kupima," akamjibu. "Nikinyamaza, nitasimamaje mbele yao?"

Akaja hapa studioni, akasema amekosea. Tangu hapo sokoni wakawa wanamwuliza, "Mwalimu, sayari imeenda wapi?" Akaacha kwenda sokoni. Naye Gerald, kwa aibu, akaacha kukanyaga kwake.

Binti yake, Yusta, anasema: "Mama hakujutia kusema. Kilichomuumiza ni mjomba. Pikipiki ikisimama nje, anachungulia dirishani akidhani ni yeye." Presha ilimsumbua miaka miwili, hadi ikamchukua.

Makaburini Gerald aliomba kusema neno. "Dada yangu alisema kweli, mimi nikamnunia. Miaka miwili sikumpa shikamoo." Akapiga magoti kwenye udongo mbichi. "Shikamoo, dada." Watu wakainamisha vichwa.

Pole sana Yusta. Pole Gerald, pole familia yote ya Makuyuni. Nasi tunaomba radhi: habari ya sayari tuliitangaza wiki nzima, masahihisho yake mara moja tu. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu umemnunia kwa sababu alisema kweli, mpigie leo.