Ida Nandonde Hakuiba Injini

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 1997, marehemu aliamka kabla yangu kama siku zote. Alibandika uji, akaenda kwenye Land Rover yake iliyosimama uani, akafungua boneti, akatoa mayai. Kuku wetu walikuwa wanataga mle, pale palipokuwa na injini. Akaniletea.

"Baba Anastasia, gari linazaa hili. Tulilinyima kazi likatafuta kazi."

Nikacheka. Tukanywa uji. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Jioni presha ilimpanda.

Nasema mimi, Gasper, mumewe. Mjukuu wetu Julia ameandika na ndiye anayewasomea hapa msibani. Nimemwambia asilainishe kitu.

Marehemu Ida Nandonde alizaliwa Makote, Newala, tarehe 14 Februari 1938, mtoto wa pili wa mzee Anthony Nandonde na Bibi Paulina. Baba yake alikuwa fundi wa magari Nachingwea wakati wa mradi wa karanga. Marehemu alikulia kwenye grisi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mimi sikusoma. Barua zote za nyumba hii alisoma yeye, na hata mara moja hakunicheka.

Tulifunga ndoa Masasi, tarehe 6 Agosti 1960, tukaweka nyumba Mkunya. Mimi mikorosho, yeye kazi ya misheni. Alianza jikoni, kisha sista mmoja akamfundisha gari, akawa dereva wao mpaka akastaafu. Siku ya kwanza kunipakia nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mume wangu, ukiikaba hivyo itakufa. Iachie ipumue." Abiria wote walicheka. Na mimi nilicheka, lakini sikuiachia.

Misheni ilikuwa na Land Rover mbili ndefu, za namna moja. Zote ziliteremka melini Mtwara zikiwa mpya. Moja ilikuja na injini ya silinda nne, nyingine ya silinda sita. Mwaka 1988, alipostaafu, padri alimpa ile ya silinda nne mbele ya wazee wa kanisa. Injini yake ilipokufa, padri huyohuyo alimpa injini ya ile nyingine, maana ilikuwa imepinduka na bodi imekwisha. Wazee waliokuwapo wengine wako hapa leo. Wanajua.

Kwa gari lile alipandisha maji mlimani. Mapipa yake yamenywesha Mkunya nzima wakati wa kiangazi. Wajawazito aliwapeleka hospitali, na wengine mnaonisikiliza mlizaliwa njiani humo.

Ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaja kutoka Dar es Salaam. Sabasaba ya mwaka 1993 wakaweka mashindano Masasi, kwenye kiwanja cha ndege: magari mawili mawili, mwendo wa kunyooka, wa kwanza kufika ndiye. Mshindi atasomba korosho zao msimu mzima. Sharti likawa moja: injini iwe ya namna ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuitia kwenye gari la namna hiyo.

Basi watu wakabishana juu ya sharti hilo tangu asubuhi. Bwanali alikuja na pikapu ya Toyota yenye injini ya teksi, ya mtumba. Akaulizwa, "Kiwanda gani kilitia injini ya teksi kwenye pikapu?" Akajibu, "Toyota ni Toyota. Mtoto akivaa shati la kaka yake ameiba?" Wakampitisha. Ilipofika zamu ya marehemu, Bwanali huyohuyo akapiga kelele: "Land Rover ni silinda nne! Sita ni lori! Mama, umekuja na lori limevaa gauni!"

Fundi mkaguzi alikuwa Faruku. Ndiye pia aliyeshika kipaza sauti. Faruku ni Myao, marehemu Mmakonde. Watani. Akainama kwenye boneti akaangalia, akasema kwenye kipaza sauti, na mimi nilisikia: "Halali. Kiwanda kilitia sita, nimezitengeneza kwa mikono yangu." Angeishia hapo! Hakuishia. Akaongeza: "Ila hii mtani wangu kaiba kwa mapadri!"

Uwanja mzima ukacheka. Marehemu akajibu kama mtani anavyojibiwa: "Nimeiba, ndiyo! Na leo jioni naja kuwaiba wake zako wote wawili, wapumzike!"

Watu wakalala chini kwa kicheko. Wale wageni wa Dar hawakucheka. Hawakuujua utani wetu. Wakasema, amekiri mwenyewe. Wakamtoa mashindanoni, wakaita askari. Injini ikafunguliwa palepale, ikachukuliwa eti ushahidi. Kesi haikusomwa. Injini haikurudi.

Na Faruku? Alisimama na kipaza sauti mkononi. Neno lilikuwa dogo: huo ulikuwa utani. Hakulisema, kwa sababu Bwanali ni shemeji yake, na Bwanali ndiye aliyeipata kazi.

Tangu siku ile mke wangu akaitwa mwizi. Wateja wakamkimbia. Sokoni Nanganga watoto walimwimbia. Kila alipomfuata Faruku na kumwomba aende kwa wale wanunuzi, aende kwa askari, aseme kweli, Faruku alimjibu, "Mtani hakasiriki, Mama Anastasia." Mimi nilikasirika. Nimekasirika hadi leo. Mtu haachwi aharibikiwe jina halafu aambiwe mila.

Presha ilipompanda tulimpeleka hospitali. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Alimwita Faruku. Faruku hakuja. Alituma mananasi na maneno: "Mwambieni asife, bado hajawaiba wake zangu." Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia ukutani.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 1997, alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, Anastasia na Cyril, na wajukuu watano. Ameacha na gari lisilo na injini. Mungu ampumzishe. Sisi aliotuachia jina lake bado hatujapumzika.

Faruku yuko hapa. Namwona, ameshika jembe la kaburi pamoja na watani wenzake, amejipaka majivu, yuko tayari kutuchekesha. Kwangu mimi angefukuzwa tangu jana. Nilimwambia hivyo marehemu pale kitandani, kwamba Faruku hatakanyaga kwenye msiba wake. Alinikatalia. Alisema hivi, na Julia ameandika kama alivyosema:

"Mwacheni aje afanye utani wake, ni haki yake. Lakini kwanza aseme kweli mbele ya watu, wakati bado sijafukiwa."