Mbavu za Jumamosi

Mwaka wa 1956, gari la moshi lilipotoka Nakuru, mwanamume aliyejitambulisha kwa behewa zima la daraja la tatu kuwa Kiplangat alianza kusifu hoteli moja ya sokoni kana kwamba ni yake. "Unanunua nyama, unaifunga uzi wako, mpishi anachemsha ya watu wote kwa sufuria moja. Hakuna wizi."

Mama aliyeketi kando yake alicheka kidogo. "Jumamosi nilifunga mbavu kwa uzi mwekundu. Nikaletewa shingo, na uzi wangu juu yake."

"Mama, ulikosea. Huyo mpishi namjua. Uzi ukifunguka ndani ya mchuzi, yeye hukumbuka nyama ya kila mtu."

"Shingo haigeuki mbavu, bwana."

"Ana heshima huyo. Jumamosi hiyo hiyo mimi nilinunua shingo tu, akaniletea mbavu. Nyororo, zenye mafuta. Hata sikumwomba."

Mimi niliyeketi mbele yao niliacha kujifanya natazama nje. Mama alimwangalia tumbo polepole, kama mtu aliyeona ng'ombe wake katika boma la jirani.

"Chumvi ilitosha?" akauliza.

"Kabisa," akajibu Kiplangat, na gari likasimama Rongai.