Kufuli la Veturia

Basi dogo la mji wa Țăndărei lilijaa kama kawaida, nami nilikuwa nimepakata mfuko wa pilipili hoho. Mbele yangu mkulima mmoja alikuwa akimlalamikia mama asiyemjua. Trela lake la alizeti, aliloliacha na dereva, lilikuwa kwenye foleni ghalani tangu asubuhi, mvua inanukia, na mashine ya kupokelea mbegu haiwashwi.

"Eti fundi kafunga swichi kwa kufuli lake, halafu kaenda zake nyumbani na ufunguo! Mjinga gani huyo?"

"Mjinga ndiye mimi," mama akajibu, akichomoa ufunguo mwekundu kwenye aproni. "Naitwa Veturia. Niliusahau mfukoni, ndiyo naurudisha."

Mkulima akakohoa. Angenyamaza ningemheshimu zaidi. "Si wangelikata tu hilo kufuli, dada?"

"Wathubutu! Likiwa pale, maana yake huenda Veturia yumo ndani, mikono kwenye parafujo ya kusukumia mbegu. Kwetu kufuli hufunguliwa na mwenyewe. Meneja kanipigia, hakufoka. Kasema, 'Tunakusubiri.' Ghala zima linanisubiri, bwana! Na hakuna aliyewahi kukatwa hata kidole."

"Na alizeti yangu ikilowa?"

"Itakaushwa. Wewe una vidole vingapi?"

Mkulima akatia mkono wa kushoto mfukoni. Nilikuwa nimeshauona: ulikuwa na vidole vitatu.

Basi likasimama penye lango la ghala. "Kimbia basi, dada, mvua hiyo!" mkulima akalalama. Veturia akashuka kwa mwendo wake, ufunguo mkononi, na foleni nzima ya madereva ikampisha.