Mpira Usitue Kwenye Dagaa: Risala ya Mwalo wa Nyabusenge

Mgeni rasmi, Afisa Michezo wa Wilaya yetu, Bi. Gladness, Mwenyekiti wa Kitongoji, Bwana Luhende, kocha wetu Venant, kina mama wenzangu, na ninyi watoto mnaosukumana hapo mbele:

Mbele yako amesimama mwanamke anayejua kutunza mpira kuliko mtu yeyote kuanzia hapa hadi Kamanga. Mpira ukifika kwangu, hautoki. Ni kweli tupu, ila bora nieleze mbinu yenyewe kabla kocha hajacheka: nilikuwa naukalia. Ukitua kwenye dagaa wangu, nauchukua, nauweka chini ya kitenge, naukalia mpaka jua linazama, na hakuna mtoto aliyewahi kuninyang'anya. Jina langu ni Agutu. Nimesoma mpaka darasa la nne. Kamati imenipa kazi ya kuandika risala hii na kuisoma kwa sababu wengine wote wanaogopa kipaza sauti, na mimi kinaniogopa chenyewe.

KUKUKARIBISHA

Sisi kina mama tunaoanika dagaa, pamoja na watoto wa timu ya Mbalamwezi, tunakukaribisha sana kwenye mwalo wetu wa Nyabusenge, mitumbwi inaposhushia samaki. Tunajua umevuka na kivuko asubuhi, ukapanda pikipiki, ukapata vumbi. Ile harufu uliyoisikia ulipokaribia ni sisi. Ukikaa kidogo hutaisikia tena. Ukirudi ofisini, wenzako wataisikia kwa niaba yako.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kama unavyoona, hapa kwetu ni mawe juu ya mawe. Mahali tambarare ni pamoja tu, hapa tulipo, kati ya kanisa na ziwa. Kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, mitumbwi inatoka na taa zake, asubuhi dagaa wanashuka, na sisi tunatandika nyavu chini na kuwaanika hapa hapa. Mwezi ukishang'aa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na uwanja wote unakuwa wa watoto. Ndiyo maana timu inaitwa Mbalamwezi.

Tatizo ni kwamba mtoto hajui giza wala mbalamwezi. Anataka mpira kila siku. Tukawaachia ukanda mwembamba pembeni mwa nyavu zetu, na hapo ndipo vita ilipoanza. Wakati ule walicheza kama kuku waliomwagiwa mtama. Wote wanaukimbilia mpira mmoja, na atakayeupata anaupiga kwa nguvu zote kama mtu anayefukuza nyoka. Mpira unapaa, unatua kwenye dagaa, mchanga unaruka. Na dagaa mwenye mchanga mnunuzi anamtazama kama umemtukana mama yake.

Jirani yangu Sabina, yule pale mwenye kilemba cha njano, alimshika mtoto mmoja sikio akamuuliza, "Ulikuwa unampasia nani, mtu wa Nansio, ng'ambo ya ziwa?"

Mtoto akajibu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeuliza unampasia nani?"

Hakuwa anampasia mtu yeyote.

Tukapeleka malalamiko. Mwenyekiti Luhende akaitisha mkutano, akasimama, akanyoosha kidole juu. "Mpira ukitua tena kwenye dagaa kabla mbalamwezi haijaingia, hata mara moja, watoto wanaondoka uwanja huu moja kwa moja. Sheria ni sheria!" Tulipiga makofi, mgeni rasmi. Tena kwa nguvu.

Njiani kurudi nyumbani makofi yakatuishia. Tulikumbuka kwamba mtoto akitolewa hapa, mahali pengine pa kuchezea ni kule mitumbwi inakoegeshwa, kwenye mashine za kuisukuma, na maji yana kina tangu hatua ya kwanza. Yuko mama kati yetu ambaye maji ya kule yalimchukulia mtoto. Simtaji, na hilo silifanyii mzaha. Lakini maneno yalikuwa yametoka, mkutano ulikuwa umepitisha, na giza lilikuwa limebaki refu.

MAZOEZI

Basi tukamwendea Venant. Kazi yake ni kushona nyavu, na ana subira ya watu wa kazi hiyo. Tukamwambia: wafundishe hawa watoto wakae na mpira chini, la sivyo tumeisha.

Akachukua maboya ya nyavu zilizochakaa, akayapanga chini yakawa alama za mraba mdogo, kama sebule ya mtu asiye na viti. Watoto wanne pembeni, mmoja katikati anautafuta mpira. Wa pembeni wasinyang'anywe. Mchezo wenyewe ni huo tu. Watoto wakanuna.

"Kocha, goli liko wapi?"

"Goli ni huo mpira. Ukiwa nao, umeshafunga."

"Na wao wakiwa nao?"

"Umefungwa. Kautafute."

Akawafundisha kugeuza shingo na kutazama kabla mpira haujawafikia. Akawafundisha kuupokea kwa upande wa mguu, mguu ulegee ili mpira ulale, usishtuke. Ukishampa mwenzako, usisimame kama nguzo ya umeme. Sogea, aone pa kukurudishia. Ukikosa njia mbele, geuka, nyuma pia ni uwanja. Na adhabu ilikuwa moja: atakayeunyanyua mpira juu ya goti anakuja kugeuza dagaa na sisi mpaka kocha amwite.

Kija, binti wa miaka minane, mwanzoni aligeuza dagaa kuliko mimi. Alikuwa na teke la kuvunja mlango. Lakini akiwa amechuchumaa kwetu, akawa anatazama wenzake. Siku moja akaniambia, "Bibi Agutu, kila mara kuna mmoja yuko peke yake, na hawamwoni." Nikamwambia akamwambie kocha. Alikwenda, na tangu hapo hakurudi kugeuza dagaa. Tukakosa kibarua mzuri.

Na sisi, mgeni rasmi, tukaharibika. Tulikuwa tunageuza dagaa kwa mkono mmoja na kufundisha kwa mwingine. "Tulia! Tulia, mama, hakuna anayekukimbiza!" "Mrudishie!" "Nyuma yako! Nyuma!" Mume wa Sabina alipita akamkuta anapiga kelele, akamuuliza kama anaongea na dagaa. Sabina akamjibu, "Naongea na yule wa kushoto, na wewe ondoka, unamziba." Mpira ukinyanyuka kidogo tu, mwalo mzima unanyamaza. Ukirudi chini, unasikia kina mama wanavyoshusha pumzi, kama ng'ombe waliofika mtoni.

Tukafika jioni ya mwisho ya giza bila mpira kutua.

JIONI ILE

Tulikuwa tumeinama tunafunga magunia. Watoto wamemaliza mazoezi, wanagawana maji, mpira umeachwa unabingirika wenyewe kuelekea majani ya pembeni. Tukasikia puu! Tulipoinua vichwa, mpira umekaa katikati ya dagaa wa Sabina ambao walikuwa hawajazolewa.

Kija akaanza kulia bila sauti, na kulia kwa namna hiyo ndiko kubaya. Venant akavua kofia. Watoto wakaapa mmoja mmoja kwamba hawakuugusa, na sisi tulikuwa tumeinama, hatukuona.

Mwenyekiti alikuwepo. Alikuja kukagua kama sheria inafuatwa, akiwa amevaa suti na viatu vyake vya Jumapili. Akasimama kwenye majani marefu, majani yamemfika magotini, akakohoa. "Ni upepo," akasema.

Mgeni rasmi, jioni ile ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa.

"Upepo?" Venant akauliza.

"Upepo wa ghafla. Na upepo hauna kesi. Watoto wabaki. Nimesema."

Alisema haraka sana kwa mtu anayependa sheria, akaondoka kwa njia ya kwenye majani, akichechemea kidogo. Sabina alikwenda kuuchukua mpira, akainama, akajifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika. Tukadhani analia kwa furaha. Sisi tulishakaa chini. Mimi nilicheka, nikalia, nikamkumbatia Kija akanuka dagaa, nikamwambia huo ndio mnuko wa ushindi. Usiku ule mwezi ulitoka na sisi tulilala usingizi mzito.

MAFANIKIO

Watoto kutoka Nyakato walikuja kucheza nasi wakiwa na njumu na soksi ndefu. Wetu walikuwa pekupeku. Tulifungwa mawili kwa moja, hilo hatulifichi. Lakini kocha wao alimuuliza Venant hawa wamefundishwa wapi, maana vijana wake walikimbia mpaka wakaomba maji na mpira hawajauona. Na tangu mazoezi haya yaanze, hakuna mtoto wa Nyabusenge anayechezea kule kwenye mitumbwi. Kwetu hilo ndilo kombe.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Changamoto kubwa ni kwamba dagaa na watoto bado wako chini, pamoja. Tunaomba utusemee kwa wahusika tupate mbao na wavu wa kutengenezea vichanja. Dagaa wakipanda juu, wanakauka wasafi, na ukanda wa watoto unapanuka.

Pili, tunaomba mipira. Uliopo umeshonwa na Venant mara nyingi mpaka umeanza kufanana na kiazi.

Tatu, maneno ya jioni ile yalisemwa kwenye majani. Mwenyekiti ametuahidi kwamba atatamka mbele ya mkutano kuwa watoto hawatolewi tena uwanja huu, giza au mbalamwezi. Kila tukimkumbusha, anasema muda haujafika. Tunaomba muda ufike leo, wewe ukiwa umekaa hapo.

Nne, tunaomba Mwenyekiti mwenyewe apangwe kwenye mazoezi ya watoto wadogo, kwenye mraba wa maboya. Ninajua anashangaa kwa nini. Naomba astahimili kidogo.

KUHITIMISHA

Mungu akuvushe salama kwenye kivuko, akulindie nyumba yako, na wanao wakue wakiwa na mtu wa kuwapasia. Ni sisi, kina mama waanika dagaa na watoto wa timu ya Mbalamwezi, Mwalo wa Nyabusenge.

ZAWADI

Mgeni rasmi, usikae kwanza. Tuna zawadi mbili, Kija atazileta.

Furushi la kwanza ni lako. Ni dagaa wasio na mchanga, nimewapembua mwenyewe.

La pili ni la Mwenyekiti. Utakuwa umeona leo amevaa suti na kandambili. Amekuwa akimweleza kila mtu kwamba kiatu chake cha kushoto kiliibiwa akiwa amesinzia kwenye kivuko. Tulimpa pole, ingawa tulijiuliza ni mwizi gani anayeiba kiatu kimoja.

Sabina hakujiuliza. Jioni ile, pale mpira ulipotua, alikuta kimelala pembeni yake, ndani ya dagaa, kamba zimefunguka, bado kina joto.

Mwenyekiti, pokea. Tumekisafisha, harufu imegoma. Usitazame ziwani, hakuna kinachovuma. Na hata kingevuma, upepo hauvai namba arobaini na tatu.