Athanas Mokami na Dume la Kerende

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2024, Ndugu Athanas Mokami, Afisa Mifugo Msaidizi wa Kata ya Kenyamonta, anastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na saba. Kwa muda wote huo kazi yake kubwa imekuwa matumbo: ya ng'ombe waliovimbiwa, ya mbuzi walioharisha, ya ndama waliokula mchanga na, kwa njia ambayo hakuitarajia, ya watu.

Rasimu yangu ya kwanza ya wasifu huu ilijaa sifa. Nilimpelekea aisome. Alivua miwani, kisha akauliza, "Gloria binti yangu, Kerende iko wapi humu?" Nikamwambia haya ni maandishi ya kuagana, siyo kesi. Akasema kama Kerende haimo, basi huyo niliyemwandika ni mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye aje kupokea cheti. Kwa hiyo Kerende imo, kwa ruhusa ya wote wanaotajwa.

Mzee Mokami aliajiriwa mwaka 1987 akiwa kijana aliyetoka chuoni na cheti cha mifugo. Baada ya miaka michache alipangiwa kijiji cha Kerende, Nyamongo, wilayani Tarime. Ndio wakati dhahabu ilipowatia watu wazimu. Walimu waliacha chaki, wakulima waliacha mihogo ikaoza ardhini, na wageni walimiminika hata kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Kila mahali palichimbwa shimo, na kila shimo liliitwa duara. Bwana Mifugo wetu naye alikuwa na sehemu yake katika duara moja, pamoja na wenzake. Asubuhi alichanja ng'ombe, mchana alikaa mdomoni mwa shimo akivuta kamba. Kadiri siku zilivyokwenda, asubuhi yake ilizidi kuwa fupi.

Siku moja mwaka 1993 wenzake walikuwa wamefikia mwamba ulioonekana kuwa mzuri. Mtu aliyeondoka shimoni siku kama hiyo angerudi na kukuta mawe yamekwisha gawanywa. Hapo ndipo alipotokea Kornelio Nyangwine, baba wa makamo, jirani mpole ambaye naye alikuwa mchimbaji. Alitembea ameinama kidogo, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali.

"Bwana Mifugo," alisema, "nina dume langu. Tangu juzi halipati choo."

"Tumbo limevimba?"

"Limevimba sana. Hata upepo halitoi. Linalala, linaamka, halitulii."

"Linacheua?"

Kornelio alisita. "Linacheua," alisema. "Linacheua mpaka linachoka."

Kwa bwana mifugo jibu hilo lilikuwa habari njema, maana ng'ombe anayecheua tumbo lake bado linafanya kazi. Hakufikiri kwamba mtu naye hucheua, pale gesi inapokosa njia ya chini ikarudi juu. Utaratibu ulimtaka aende akamwone mnyama. Mnyama hana mdomo wa kujieleza. Lazima umpapase ubavu wa kushoto, umsikilize, utazame kinyesi chake. Mzee Mokami hakwenda. Alifungua mkoba palepale juu ya rundo la kifusi, akampimia Kornelio kwenye karatasi chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, ya kulitosha dume zima, akamwambia aikoroge kwenye maji na kulinywesha lote. Kisha akaishika tena kamba.

Jambo linalomuumiza hadi leo ni hili: Kornelio hakuwa na dume, na Bwana Mifugo alilijua hilo. Aliijua kila kwato ya Kerende. Mwezi uliotangulia alikuwa amewachanja ng'ombe wa Kornelio, majike matupu, kwa sababu madume yalikwisha uzwa ili kununua nyundo na pampu ya maji. Alilijua, lakini akili yake ilikuwa chini shimoni.

Kwa nini Kornelio hakwenda zahanati? Zahanati ilikuwa karibu tu. Ila muuguzi wake, Mama Rhobi, alikuwa mdogo wa mama mkwe wake. Wasomaji wenye asili ya huku hawahitaji maelezo. Mwanaume wa Kikurya asimame mbele ya mkwe wake amweleze habari za choo? Aliona ni bora afe. Na alikaribia kufa kweli.

Jioni ilipoanza kuingia, mkewe Nyangi alikuja mbio mpaka shimoni, kanga imemteleza begani, mkononi ameshika ile karatasi ya dawa.

"Umempa nini baba Ezekiel?"

"Nimempa dawa ya dume lenu."

"Dume lipi?" alipiga kelele. "Sisi tuna dume? Ameinywa mwenyewe! Anatapika, tumbo limekuwa ngoma!"

Wachimbaji waliokuwa karibu walicheka. Mzee Mokami anasema kicheko kile bado anakisikia, na kwamba sekunde chache za kwanza hata yeye alitabasamu kabla ya kuelewa. Hilo nalo alitaka niliandike.

Alikimbia. Alimkuta Kornelio amelala kwa ubavu, midomo imekauka, tumbo limejaa upande mmoja kama mtu aliyemeza mpira. Aliligonga kwa vidole viwili kama alivyozoea kugonga ubavu wa ng'ombe, likalia kama debe tupu. Alijua kwamba kilichomo ndani ni upepo uliofungiwa huku na huku, na kwamba haluli iliyotiwa juu yake ilikuwa inasukuma mlango uliokomewa. Ng'ombe angemtoboa ubavuni kwa chuma chake chenye mrija, gesi ikatoka, mambo yakaisha. Mtu hatobolewi hivyo.

Gari pekee lililokuwa karibu lilikuwa pikapu iliyopakia mawe ya duara lao, tayari kwenda kusagwa. Aliwaamuru wenzake wayamwage. Walikataa. Akapanda mwenyewe nyuma, akaanza kuyatupa chini moja moja mpaka wakaona aibu wakamsaidia. Kornelio akalazwa juu ya godoro, Nyangi akamshika kichwa, wakaondoka kuelekea hospitali ya wilaya, Tarime.

Daktari aliuliza mgonjwa amekunywa nini. Kornelio, akiwa hajiwezi, bado alisema, "Sijanywa kitu." Nyangi aliangalia sakafu. Ndipo Mzee Mokami, akiwa bado na vumbi la mawe kichwani, aliposema mbele ya daktari, wauguzi na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, "Amekunywa dawa ya ng'ombe. Nimempa mimi. Mimi ni bwana mifugo."

Utumbo mpana ulikuwa umejisokota, ukajinyonga wenyewe. Daktari alieleza kwamba hilo huwapata hasa wanaume, na kwamba kama mgonjwa angefika siku ya kwanza huenda wangeunyoosha bila kisu. Sasa kipande kilikuwa kimekufa. Kikakatwa, na Kornelio akarudi nyumbani na tundu tumboni na mfuko wa kupokea choo, asubiri miezi kadhaa mpaka utumbo utakapoungwa tena.

Habari ilifika Kerende kabla yao. Kornelio akaitwa Dume. Mzee Mokami akaitwa Daktari wa Watu, jina ambalo mahali pengine lingekuwa la heshima. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake wa kazi, akaeleza kila kitu bila kuitwa. Alipewa onyo kali. Sehemu yake ya duara aliwaachia wenzake na hakurudi tena mdomoni mwa shimo, ingawa baadaye alisikia mwamba ule ulikuwa mzuri kweli.

Kornelio aliacha kwenda kanisani kwa sababu mfuko ulitoa sauti ambayo hakuweza kuizuia. Bwana Mifugo alipofika kumsalimia, alimgeuzia ukuta. Akafika tena, akageuziwa ukuta tena. Aliyemsogelea hasa ni Mama Rhobi, mkwe yuleyule aliyekimbiwa. Aliingia na beseni na maji ya vuguvugu. Kornelio akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Mkwe wangu," Mama Rhobi alimwambia, "nimeosha watu tangu sijaota mvi. Haya ni matumbo tu. Funua."

Mzee Mokami alikuwa amekaa mlangoni. Anasema chini ya ile shuka Kornelio alilia kama mtoto, na yeye pale mlangoni hakujua aondoke au akae. Alikaa. Kesho yake alirudi, akamwomba Mama Rhobi amfundishe kumwosha. Safari hii Kornelio hakugeukia ukuta.

Mzee Mokami alihamishiwa Serengeti mwaka uliofuata, huku Kenyamonta, na hapa ndipo wengi wetu tulipomjua. Hakuna mfugaji wa kata hii aliyewahi kupewa naye dawa ya mnyama ambaye hakumwona. Mwenye mbuzi mmoja milimani na mwenye zizi lililojaa walisikia neno lilelile: "Nipeleke nimwone." Tulimtania kwamba angekuwa daktari wa samaki angezama.

Aliwafundisha wafugaji kutowaachia ng'ombe wenye njaa kwenye majani mabichi ya mvua za kwanza. Alipofungua matumbo machinjioni na kuyakuta yamejaa mifuko ya plastiki, hakupiga mihuri tu akaondoka. Aliita wenye mifugo na wenye maduka wasimame pamoja watazame. Siku za josho alikuwa akitandaza turubai, akapanga matumbo ya ng'ombe aliyechinjwa: lile kubwa la kuchachusha majani, lile lenye vyumba kama vya asali linalonasa misumari na nyaya, lile lenye kurasa kama kitabu, na la nne, dogo. "Hili la nne ndilo linalofanana na letu," aliwaambia. "Ng'ombe ana matumbo manne, likiharibika moja mnaliona mnakuja mbio. Wewe una moja tu, na unalificha." Kisha alimkaribisha muuguzi aongee, naye akasogea kando. Wanaume waliokuja kuogesha ng'ombe walirudi nyumbani wakiwa wamepimwa minyoo, vidonda vya tumbo na bawasiri.

Siyo kwamba yote yalikuwa mazito. Kuna Jumapili aliyoitwa kumtoboa ng'ombe aliyevimbiwa nyuma ya kanisa. Akachoma chuma chake ubavuni, gesi ikatoka kwa mluzi mrefu, upepo ukaipeleka moja kwa moja dirishani. Kwaya ilikatisha wimbo. Mpaka leo waimbaji wa sauti ya nne wanadai fidia.

Miaka ikapita. Utumbo wa Kornelio ulikuwa umeungwa siku nyingi, akapona, akaendelea na kilimo. Mwaka 2009 alivuka Mto Mara, akaja ofisini kwetu akiwa na fimbo na mvi. Mzee Mokami alipomwona alisimama ghafla. Kornelio ndiye aliyeanza.

"Bwana Mifugo, nina dume halipati choo."

Wakati huo nilikuwa mgeni kazini, sikuelewa kwa nini mzee wangu aliuchukua mkoba kabla ya kuuliza swali lolote.

"Mura," Kornelio aliongeza kwa Kikurya, kama anayemwita kijana mwenzake, sasa akicheka, "safari hii lina mkia. Twende ulione."

Walikwenda pamoja kwa pikipiki. Nimesimuliwa kwamba dume lilipona, na kwamba Mzee Mokami alilala huko siku mbili, akala ugali wa mtama kwa Nyangi. Hajawahi kunieleza walizungumza nini, nami sijamuuliza.

Nimalizie na jambo la mwaka jana. Katika kikao chetu cha Jumatatu tulifika kwenye Mengineyo, wote tukiwa tumeanza kufunga makabrasha. Mzee Mokami akanyoosha mkono. Akasema kwa sauti ileile anayotumia kutaja idadi ya chanjo kwamba kwa siku kadhaa choo chake kimekuwa cheusi kama lami, kwamba anapata kizunguzungu, na kwamba anaomba gari limpeleke hospitali Mugumu. Tulitazama meza. Mwenyekiti alijifanya anatafuta kalamu. Sisi wataalamu wa mifugo, tunaotia mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe, tuliona aibu kwa ajili yake. Vilikuwa vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Akatibiwa, akarudi kazini.

Alipotoka kwenye kikao kile, watu wawili walimfuata kwenye korido, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwomba ushauri kuhusu jambo walilokuwa wamelificha. Mmoja wao ni mimi. Sitaandika ni jambo gani. Bado sijafika alipofika yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, na kesho yake yeye na mkewe, Mama Vivian, walinisindikiza kwa daktari.

Ndugu Mokami, idara inakushukuru kwa kila ubavu ulioupapasa na kila zizi ulilolifikia kwa miguu. Tunamshukuru pia Mama Vivian, aliyevumilia viatu vyako mlangoni miaka yote hii. Nenda nyumbani ukapumzike. Tunakuombea chakula kishuke vizuri, usingizi uje mapema, na siku utakapoumwa, usikose mtu wa kumwambia ni wapi.